Nyumba Moja, Kiti Kimoja

Kila mtaa una wazimu wake, na wazimu wa mtaa wetu ni viti.

Sisi ni mtaa mdogo, nyumba zisizofika ishirini zilizoizunguka njia moja ya changarawe, geti moja, na tangi moja la maji lililosimama juu ya miguu ya zege. Tuna chama cha wenye nyumba, chama kina kamati ya watu saba, na kamati huchaguliwa upya kila baada ya miaka miwili. Mpaka hapo hatuna tofauti na mtaa mwingine wowote. Tofauti inaanza Jumapili inayofuata uchaguzi, pale kila aliyechaguliwa anapotoka kwake asubuhi amebeba kiti cha meza ya chakula, anakipeleka mbele ya tangi, anakaa, na wote saba wanapigwa picha. Picha inatiwa fremu na kutundikwa kwenye chumba cha mikutano, ambacho zamani kilikuwa stoo ya saruji wakati nyumba zinajengwa. Ukiingia humo utaziona kamati zote tangu ya kwanza, zimejipanga ukutani, na sisi wakongwe tunawatambua watu kwa viti vyao kabla ya nyuso. Kile chenye mgongo wa duara ni cha kwa Nesi. Kile cha chuma cha kukunja ni cha Fundi Bomba, ambaye mpaka leo hajanunua cha mbao kwa sababu ni bahili, na nimeshamwambia mwenyewe.

Aliyeanzisha mambo haya ni mume wangu.

Alikuwa mpiga picha kwa kazi, mwenye studio mjini iliyokuwa na pazia la bluu na kinyozi upande wa pili wa ukuta, kiasi kwamba wateja wake walipigwa picha huku wakisikia mkasi. Nyumba zetu zilipokwisha kujengwa na chama kikaundwa, walimchagua mweka hazina, naye akasema kamati isiyo na picha ni uvumi tu. Chama hakikuwa na hata stuli, kwa hiyo akaagiza kila mmoja aje na kiti chake. Mwenyekiti wa kwanza alikuwa Mwalimu Mkuu. Wakati huo alikuwa bado anaongoza shule, na nadhani hata bafuni aliingia kama mwalimu mkuu. Siku ya picha alifika na sofa. Sofa ya watu watatu, imebebwa na wanaume wanne, yeye ametangulia mbele na tai shingoni. Mume wangu aliitazama ile sofa, akamtazama Mwalimu, akasema, "Mwalimu, nyumba moja, kiti kimoja. Na kiti ni cha mezani." Sofa ikarudi ilikotoka. Sheria ikazaliwa palepale, na tangu siku hiyo hakuna aliyeivunja.

Mweka hazina naye alibeba kiti chake. Viti vyetu vilikuwa na kikalio cha ngozi bandia ya kijani, na hiki alichokipenda yeye kilikuwa na mguu mmoja mfupi, kikawekewa kipande cha kadibodi ili kisiyumbe. Alikiweka mwisho wa safu, upande wa kulia, kisha akarudi nyuma ya kamera, maana nani mwingine angepiga? Ndiyo sababu katika picha zote za enzi zake kuna viti saba na watu sita. Kiti kitupu ni chake. Chini ya kila picha niliandika mimi kwa mkono wangu majina na vyeo vya wote saba, kutoka kushoto kwenda kulia, na mwisho kabisa: "Mweka hazina, nyuma ya kamera."

Mimi nilikuwa mwandishi wa chama. Sikuchaguliwa na mtu. Nilipewa daftari kwa sababu mwandiko wangu unasomeka na mdomo wangu unaogopwa. Kwenye picha sikuwamo, wala sikutaka. Siku hizo za picha nilisimama barazani kwetu, ng'ambo ya njia, nikiwa na kikombe changu cha chai, nikautazama mgongo wa mume wangu ulivyoinama nyuma ya kamera yake ya miguu mitatu. Mbele yake majirani walikuwa wamejikaza kama watu wanaosubiri sindano. Yeye alikuwa akisema neno, wote wanaangua kicheko kwa mpigo mmoja, na kamera inalia. Kila mara ilikuwa hivyo.

Nilikuwa na lawama moja tu. Watu wake hawakutazama kamera. Macho yao yalipita juu kidogo, wote, katika kila picha.

"Wewe unawatoza wageni kwa kazi hii," nilimwambia, "halafu majirani zako mwenyewe unawapiga wanaangalia hewani."

"Wanatazama panapostahili kutazamwa."

"Na unawaambia nini mpaka wanacheka vile?"

"Ah, hayo ni mambo ya kamati, mama watoto. Siku ukichaguliwa, ukakaa kwenye kiti, utasikia."

Nikimuuliza Nesi, anaziba mdomo kwa kiganja, anasema siri ya kikao haitoki nje. Nikimuuliza Fundi Bomba, anakumbuka bomba linalovuja mahali. Mwisho nikasusa. Nikasema shauri yenu, iatamieni siri yenu mpaka ianguliwe vifaranga. Miaka ikapita hivyohivyo, kamati moja baada ya nyingine, yeye akianza kuota mvi na mimi nikiwa barazani na kikombe changu. Sikujua kwamba ile ndiyo ilikuwa raha yenyewe. Raha haina tabia ya kujitambulisha.

Alifariki mwaka ambao haukuwa wa uchaguzi. Uchaguzi ulipofika walichagua watu saba, na Jumapili yake nilikibeba kile kiti cha kijani mimi mwenyewe, nikavuka njia, nikakiweka pale pale alipokiweka yeye, mwisho wa safu upande wa kulia. Hakuna aliyeniuliza. Nesi alisogeza chake kidogo kukipisha. Picha ikapigwa kwa simu, watu saba na viti vinane, nikaandika maelezo chini yake, nikaitundika. Uchaguzi uliofuata nikafanya vilevile. Ikawa desturi juu ya desturi, na watoto wadogo wa mtaa wakadhani kila kamati duniani ina kiti cha marehemu.

Serikali haikudhani hivyo. Siku hizi ofisi inayosajili vyama inataka kila kamati mpya ipelekwe kwa maandishi: majina, sahihi, na picha ya pamoja ya waliochaguliwa. Kamati iliyopita ilimtuma Fundi Bomba na zile karatasi. Karani akaishika picha, akahesabu, akahesabu tena.

"Majina saba, watu saba, viti vinane. Huyu wa nane yuko wapi?"

"Huyo ni marehemu," Fundi akajibu, kwa ukweli wake wote.

"Marehemu hachaguliwi," karani akasema, akamrudishia bahasha.

Mwenyekiti wa wakati huo akaitia bahasha kwenye droo na kuisahau. Matokeo yake ni kwamba kwa miaka miwili tumekuwa chama kisichojulikana na mtu. Lile shimo la mbele ya geti, ambalo magari yote hugonga tumbo, watu wa barabara wamekataa hata kuja kulitazama. Wanasema hawazungumzi na kamati isiyosajiliwa. Kwa hiyo shimo lipo, na mvua ikinyesha bata wa jirani wanaoga humo.

Mwaka huu walimchagua Chiriku awe mwenyekiti. Ndilo jina tulilompa tangu utotoni, kwa sababu hanyamazi. Ni binti wa Fundi Saa, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Baba yake alipofariki alirudi kuishi kwenye nyumba ile, na sasa ni mpima ardhi mwenye buti na kofia ya plastiki. Mkutano ulipofika kwenye nafasi ya katibu, Chiriku akasimama kusema kwamba kwa kanuni mpya anayeandika kumbukumbu lazima awe mjumbe wa kamati, na kwamba yeye ananipendekeza mimi. Mikono ikapanda yote. Hata wale ambao nimeshawagombeza kuhusu takataka walinyoosha. Nilitaka kukataa, lakini nilikuwa nimeshika kalamu, na mtu aliyeshika kalamu hawezi kujifanya hajui kuandika. Nikajiandika mwenyewe: katibu.

Ndipo Chiriku akasema la pili.

"Jumapili tunapiga picha. Viti saba, watu saba. Safari hii karatasi zisirudi."

Nikaweka kalamu chini.

"Mimi nitaleta viti viwili," nikasema. "Changu, na cha mzee. Huyo karani wenu tutamweleza."

"Mama, nyumba moja, kiti kimoja." Alisema kwa upole, lakini alisema. "Sheria ya mzee mwenyewe."

Damu ilinipanda kichwani. Nilimwambia kwamba nimemfuta kamasi, kwamba hakuna atakayenifundisha sheria za mume wangu, na kwamba kama kile kiti hakitakuwamo kwenye picha, na mimi wasinitafute. Nikachukua daftari langu nikatoka. Nilichokitaka ni kitu kimoja tu, na sikuona kama ni kikubwa: kile kiti kibaki mahali pake, kitupu, kama alivyokiacha. Picha ya mume wangu amekaa na majirani zake sina. Nina hiyo nafasi tu. Wakiiziba, nitabaki na nini?

Jumamosi mchana nilikwenda kwenye chumba cha mikutano kufuta vumbi kwenye fremu, kama ninavyofanya kila baada ya uchaguzi. Hasira haizuii kazi. Nilianzia kamati ya kwanza nikashuka na safu. Wengi wamekwishatangulia. Wengine wameuza nyumba wakahama, hatujui hata walipo, lakini viti vyao nakumbuka. Wote wanacheka. Mwalimu Mkuu na tai yake, kinywa wazi hadi magego yanaonekana. Baba yake Chiriku, mtu aliyekuwa mkavu hata kwenye arusi yake, ameshika mbavu. Nesi akiwa msichana, Mungu wangu, Nesi na kiuno chake cha zamani, ameinamia bega la mwenzake. Na wote macho juu ya kamera.

Kisha nikafika kwenye zile mbili za mwisho, zilizopigwa baada yake. Nilizifuta, nikazitazama, nikazifuta tena nikidhani ni vumbi. Humo hakuna anayecheka. Watu wamekaa wima, mikono magotini, wanaitazama kamera sawasawa, kila mtu na uso wa msibani, na pembeni kile kiti cha kijani. Zamani kiti kile kilikuwa kitupu kwa sababu mwenyewe alikuwa amesimama hatua chache mbele yake akiwavunja watu mbavu. Katika hizi mbili ni kitupu tu. Niliona tofauti ile na moyo ukaniuma, kwa sababu aliyekuwa amekibeba ni mimi.

"Hodi, mama," Chiriku akasema mlangoni. Alikuwa na kitambaa cha kufutia mkononi. Alijua nitakuwa humo. Anazijua nyendo zangu.

"Ingia. Sijakununia wewe. Nimekinunia kiti."

Akaingia, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akafanya kazi bila kusema. Akafuta fremu kama tatu, kisha akaiteremsha moja ukutani akaniletea. Niliijua. Ni kamati ambayo baba yake alikuwa mjumbe, na kwenye kile kiti kitupu kuna ukungu mweupe wenye miguu miwili. Ukungu huo ni Chiriku mwenyewe, na gauni lake, aliyetoroka kwa mama yake akakimbia akajirusha kwenye kiti wakati kamera inalia.

"Unakumbuka baba alivyotaka kunichapa?" akasema. "Picha imeharibika, watu wote wanafoka. Mzee akasema, 'Mwacheni. Kiti ni cha kukaliwa.' Akaitundika hivyohivyo."

Nilikumbuka. Hata nilikumbuka nilivyogomba, kwamba hawezi kutundika picha mbovu, na yeye akasema hiyo ndiyo nzuri kuliko zote.

"Sikukupendekeza ili tukiondoe kiti, mama," Chiriku akasema. "Nilikupendekeza ili kiwe na haki ya kuwepo. Nyumba yenu imechaguliwa. Kiti kimoja ni halali yenu. Kinachokosekana ni mtu."

"Kwangu hakuna anayekikalia kile kiti."

"Najua."

"Hata mimi sijawahi. Kinayumba."

"Nitakuletea kadibodi," akasema, na hapo mdomo wake ukarudi, akaanza kunieleza habari za bomba la geti na rangi ya tangi mpaka nikamfukuza. Lakini nilimfukuza huku nacheka, na yeye aliona.

Jumapili nilichemsha chai kama kawaida. Nikatoka nayo barazani kama kawaida. Ng'ambo kule walikuwa wameshaanza kufika: Fundi Bomba na chuma chake, Nesi na mgongo wake wa duara, Chiriku na kiti cha marehemu baba yake, na wajumbe watatu wapya wa nyumba za nyuma, ambao viti vyao bado sijavizoea. Nafasi ya mwisho upande wa kulia walikuwa wameiacha wazi. Hakuna aliyeniita. Walinisubiri tu, wakijifanya wanazungumza.

Nilipiga funda moja. Nikakiweka kikombe kwenye ukingo wa baraza, nikaingia ndani, nikakibeba kiti. Kilikuwa kizito kuliko miaka iliyopita, au mimi nimekuwa mwepesi. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, nikajiambia, nikavuka njia, nikakiweka, nikakaa.

Kiliyumba. Chiriku akachuchumaa, akapachika kadibodi chini ya mguu, kikatulia. Nilikuwa nimekaa mahali pa mume wangu, mikono sijui pa kuiweka.

Simu ilikuwa imefungwa kwenye miguu mitatu ya kupimia ardhi, pale pale ilipokuwa ikisimama kamera. Wa kubonyeza alikuwa Mwalimu Mkuu. Siku hizi anatembea na fimbo, hagombei tena cheo chochote, lakini picha hajakosa hata moja. Akainama, akatazama, akabonyeza. Akatazama tena.

"Mmenuna," akasema.

Akabonyeza tena. Chiriku akaenda kuangalia, akarudi anatikisa kichwa. Tumekaa wote kama tumeitwa polisi.

"Hii haitatoka," Fundi Bomba akasema. "Hakuna aliyesema maneno."

"Maneno gani?" nikauliza.

Fundi akakitazama kiatu chake. Nesi akanigeukia.

"Dada, ina maana hakukwambia? Miaka yote ile?"

"Alisema nikikaa kwenye kiti nitasikia. Haya, nimekaa."

Walitazamana, Nesi na Fundi, wakongwe wawili waliobaki, kisha wote wawili wakamtazama Mwalimu Mkuu. Yule mzee akajiweka sawa nyuma ya simu. Akakohoa. Akainama kidogo na kuinua mkono mmoja, vilevile, yaani vilevile kabisa alivyouinua mume wangu, nikaona mwinamo uleule ambao nimeutazama kwa nyuma maisha yangu yote, sasa umenigeukia kwa mbele. Akasema kwa sauti ya chini, ya kunong'ona, ambayo haingeweza kufika ng'ambo ya njia:

"Jamani, nyoosheni migongo. Msipunge mkono wala msicheke. Mwenye chama yuko barazani na kikombe chake, na leo amenuna kwelikweli. Mwangalieni alivyo mzuri."

Niliinua macho. Kutoka kwenye kile kiti, juu ya bega la Mwalimu Mkuu, hapakuwa na kitu kingine cha kuona: baraza yetu, mlango wetu umeachwa wazi, na kikombe changu juu ya ukingo, bado kinatoa moshi.

Kumbe hawakuwa wakiangalia hewani. Walikuwa wakiniangalia mimi. Kamati zote zile, Mwalimu na magego yake, Fundi Saa na mbavu zake, Nesi akiwa msichana, wote walikuwa wakimcheka mama mmoja mkali aliyesimama na chai yake akidhani ameachwa nje ya mambo. Na yeye, mjinga yule, mume wangu, alinipa mgongo miaka yote ile akiwaambia majirani kwamba mimi ni mzuri.

"Mbona hamkuniambia?" nikasema.

"Tungekwambia," Nesi akasema, "ungesimama tena pale?"

Nisingesimama. Alinijua, na wao walinijua. Ningeingia ndani nikafunga mlango, na siku ya pili ningewagombeza mmoja mmoja.

"Na alipoondoka tukashindwa pa kuanzia, shemeji," Mwalimu Mkuu akasema. "Utamwambiaje mtu jambo kama hilo kwenye matanga?"

Sijui nani alianza kucheka. Nafikiri ni Fundi Bomba, kwa sababu anacheka kwa pua. Nesi akafuata, Chiriku akafuata, na wale watatu wapya, ambao hawakuelewa hata nusu ya mambo, wakachekeshwa na wenzao. Mimi nilikuwa nacheka na machozi yananimiminika mpaka kwenye kola, nikiitazama baraza ile na kukitazama kile kikombe, na nikamtamani mume wangu kwa namna ambayo sikuwa nimejiruhusu tangu tulipomzika. Mwalimu Mkuu akabonyeza.

Wiki ileile nilizipeleka karatasi mwenyewe, na Chiriku akanisindikiza. Karani ni kijana nadhifu mwenye mhuri unaoning'inia kwenye uzi. Alisoma majina, akazifananisha sahihi, akaishika picha akahesabu kwa ncha ya kalamu.

"Majina saba. Watu saba. Viti saba." Akaisogeza karibu na macho. "Mbona hakuna hata mmoja anayetazama kamera?"

Chiriku alifungua mdomo. Nikamkanyaga.

"Ni desturi yetu," nikasema.

"Na huyu wa mwisho hapa? Si ndiye wewe? Analia au anacheka?"

"Fomu inauliza hilo?"

Akaitazama fomu, akakiri haiulizi, akagonga mhuri. Chiriku alizungumza njia nzima kurudi, kuhusu lile shimo na bata watakaofukuzwa, na mimi nilimwacha azungumze.

Mchana uleule nilitundika picha mpya na kuandika chini yake majina yote saba, kutoka kushoto kwenda kulia. Mwisho niliandika: "Katibu, kwenye kiti cha mweka hazina." Kisha nikasogeza stuli hadi mwanzo wa ukuta na kuiteremsha kamati ya kwanza kabisa, ile ya sofa iliyorudishwa. Wino wangu wa siku hizo umepauka, lakini unasomeka. Chini ya mstari wa mwisho, ule wa "Mweka hazina, nyuma ya kamera," niliikuta nafasi ndogo, ya kutosha maneno mawili. Nikachukua kalamu nikaandika: "Mwandishi, barazani."

Nikaipuliza ikauke, nikairudisha kwenye msumari wake, nikateremsha ya pili.